IST, Vitz, Passo au Fit? Gari la kwanza la kijana mwenye leseni mbichi

Mtoto wa kaka yangu amemaliza kidato cha sita. Ana miaka 19, na leseni yake ya daraja D bado inanukia plastiki. Alinijia jioni moja simu mkononi, picha imeshafunguliwa kabla hata ya salamu. "Shikamoo shangazi. Nimepata Altezza, milioni kumi na moja, rimu zimeshabadilishwa." Baba yake alikuwa amekaa pembeni akisikiliza. Yeye anataka Passo, na sababu yake ni moja tu: jirani anayo na hajawahi kumwona gereji. Mimi nimewasindikiza wengi wa ukoo huu kwenda kununua magari hapa Dar, ndiyo maana wakanitupia mpira. Niliyowaambia siku ile, na niliyoyaongeza baadaye tulipoanza kuzunguka, ndiyo haya.

Mzazi wa hapa kwetu akinunua gari huuliza kwanza kama linasumbua. Swali zuri, ila kwa haya magari manne halina kazi kubwa, maana yote yakitunzwa hayasumbui. Kwa dereva wa mwaka wa kwanza mimi nauliza jingine: akikosea, itakuwaje? Maana atakosea. Atagusa nguzo ya geti akirudi nyuma. Atasahau kuangalia maji ya rejeta. Siku ya mvua ya kwanza, lami ikiwa na vumbi na oili ya miezi mitatu, atachelewa kukanyaga breki. Gari lake linatakiwa liwe na bampa inayopatikana kwa bei ya kawaida, injini isiyokufa kwa uzembe wa wiki mbili, breki zinazoshika, na mifuko ya hewa iliyo hai.

Tuanze na Altezza ili tuimalize

Altezza ilitengenezwa kati ya 1998 na 2005. Hata iliyo changa kuliko zote ina zaidi ya miaka 20. Ile ya injini ya 3S-GE inayotafutwa na vijana ina nguvu za farasi zipatazo 200, na inasukumwa na tairi za nyuma. Linganisha na IST ya 1.5 yenye farasi kama 109, au Vitz ya 1.0 yenye 71. Nguvu karibu mara tatu ya Vitz hiyo, chini ya mguu ambao mwaka jana ulikuwa unajifunza kuachia klachi kwenye uwanja wa shule ya udereva. Gari la kusukumwa nyuma likiteleza kwenye kona ya mvua, mkia hutangulia, na kulirudisha kunahitaji mikono iliyokwisha kuzoea. Halafu ukipata Altezza ya bei hiyo, ujue vijana watatu au wanne wamekwisha kuimaliza kabla yako.

Brevis nayo usidanganyike. Inauzwa bei ya IST, ndani ina viti vya mheshimiwa, na kijana atakwambia "shangazi, bei ni ileile." Bei ni ileile kwa sababu wenyewe wanazikimbia: silinda sita, lita 2.5 au 3.0, na mfumo wa D-4 wa kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambao mafundi wengi wa mtaani wanauogopa. Subaru ya turbo sina hata haja ya kuisema. Kijana alinuna kidogo, tukaendelea.

IST

IST ndiyo gari la Dar. Simama dakika tano kwenye taa za Mwenge uhesabu. Ziko za aina mbili. Kizazi cha kwanza, kile cha 2002 hadi 2007, chesisi yake huanza na NCP60 kama ni 1.3 au NCP61 kama ni 1.5. Cha pili, kilichoanza 2007, ni NCP110 ya 1.5 na ZSP110 ya 1.8, na ndicho watu wanachokiita "IST new model" ingawa nacho sasa ni kizee.

Uzuri wa ile ya kwanza ya 1.5 uko kwenye injini yake, 1NZ-FE. Injini hii imo kwenye Raum, Spacio, Fielder, Probox, Sienta, Premio ya 1.5 na ndugu zao wengi. Maana yake ni kwamba plagi, filta, pampu ya maji, mkono wa injini, hata injini nzima ya mtumba, utavipata Kariakoo na Ilala bila kuagiza, na fundi wa Mbagala anaijua kama fundi wa Masaki anavyoijua. Inatumia cheni, si mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilometa fulani. Giaboksi yake ni ya kawaida ya gia nne, si CVT, ile ya mkanda isiyo na ngazi za gia. Kwa mtu anayeanza, giaboksi isiyochagua sana oili ni baraka.

Sasa upande wa pili, ambao madalali hawausemi. IST nyingi zinazouzwa mjini zimefanya kazi ya teksi za mtandaoni. Hilo si dhambi, wapo madereva wanaotunza kuliko mwenye gari la Jumapili, lakini kilometa za teksi ni za foleni: injini inawaka saa nzima gari likisogea mita mia mbili. Dashibodi haitakwambia, kwa sababu kilometa hurudishwa nyuma kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Angalia mlango wa nyuma wa kushoto. Ndiko abiria wanakopandia na kushukia. Ukiwa umelegea kuliko ule wa kulia, mpira wake umelika, na kitambaa cha kiti cha nyuma kimeng'aa, wakati muuzaji anasema gari lilikuwa la mke wake la kwendea kanisani, basi mke huyo alikuwa anabeba watu wengi sana.

Jingine ni wizi. Kitu chenye soko ndicho kinachoibwa, na spea za IST zina soko kuliko zote. Saitimira, taa, swichi za pawa windo. Wenye magari huchora namba ya gari kwenye vioo na taa ili visiuzike kirahisi, na mimi nakushauri ufanye hivyo siku ya kwanza, kabla hata ya kuosha gari. Kwa kijana atakayeliegesha nje ya hosteli usiku, hili si jambo dogo.

Na mwisho kuhusu IST ya kwanza: umri. Ilipokuwa na miaka kumi ningekwambia chukua ufumbe macho. Leo iliyo changa kuliko zote inakaribia miaka 20. Bushi, shokapu, mipira ya breki, nyaya, vyote vimechoka kwa pamoja, na unachonunua ni jinsi mwenye gari wa mwisho alivyovibadilisha. Wapo waliobadilisha kwa vifaa vya maana, na wapo waliopaka rangi tu.

Vitz

Hapa ndipo mimi ninapokaa, na ninakaa kwa sababu. Nazungumzia Vitz ya kizazi cha pili, ya 2005 hadi 2010, yenye uso wa mviringo. Watu husema "Vitz" kana kwamba ni gari moja, kumbe chini ya boneti ni magari matatu tofauti. Soma bati la chesisi. KSP90 ni ya 1.0, silinda tatu, na giaboksi ya kawaida ya gia nne. SCP90 ni ya 1.3, na kwa kawaida imefungwa CVT. NCP91 ni ile ya 1.5 yenye 1NZ-FE tuliyoisema, nayo mara nyingi ni CVT. Dalali akikuambia "zote sawa mama," muulize zote sawa kwa nani.

CVT si ugonjwa. Ila ina oili yake, na kinachoiua hapa kwetu ni mtu kumimina oili ya kawaida ya giaboksi kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani siku ile. Huwezi kujua mwenye gari wa zamani alimimina nini. Ndiyo maana kwa kijana, na hasa kwa gari la mkononi, napendelea KSP90. Ndogo, rahisi, giaboksi inayosamehe.

Farasi 71 ni wachache, ndiyo. Ukiwa na watu wanne na AC imewashwa, kupanda kilima cha Kimara kunahitaji subira, na kulipita lori barabara ya Morogoro ni jambo la kufikiria mara mbili. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake. Dereva mchanga anayejua kwamba gari lake haliwezi kulipita lori hajaribu. Injini ya silinda tatu hutetemeka kidogo ikiwa imesimama kwenye taa; usidhani imeharibika, lakini mtetemo ukizidi hadi kioo cha ndani kinacheza, mikono ya injini imekufa.

Kwa mafuta, kwenye foleni za mjini mimi nakadiria kilometa 13 hadi 15 kwa lita kwa hii ya 1.0, na 10 hadi 12 kwa IST ya 1.5. Makadirio hayo ni ya kwangu na ya watu ninaowajua, mguu wako unaweza kusema vingine. Lakini kumbuka tangu 2017, ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, anayetumia lita nyingi ndiye anayelipa nyingi. Kwa mwanafunzi anayewekewa pesa ya mafuta na mama yake, tofauti hiyo inaonekana ndani ya mwezi mmoja.

Halafu usalama. Vitz hii kule Ulaya iliitwa Yaris, na mwaka 2005 ilipogongeshwa kwenye majaribio ya Euro NCAP ilipata nyota tano kwa ulinzi wa watu wazima. Usizichukue nyota zote ukaja nazo Dar. Toleo lililouzwa Ulaya lilikuwa na mifuko ya hewa mingi kuliko Vitz za kawaida zilizouzwa Japani, ambazo nyingi zina miwili tu ya mbele, na ya pembeni ilikuwa ya kulipia zaidi. Ila mwili wa gari, ule usanifu wa chuma wa kubonyea mbele ili chumba cha abiria kibaki, ni wa familia moja. Ukikutana na yenye maandishi ya SRS kwenye ubavu wa kiti au kwenye nguzo ya mlango, hiyo ina mifuko ya pembeni. Iongezee alama.

Kama bajeti inafika, kizazi cha tatu, kilichoanza mwishoni mwa 2010, ni kizuri zaidi kwa jambo moja: zile za miaka ya baadaye zina mfumo wa kuzuia gari kuteleza. Japani iliufanya kuwa lazima kwa miundo mipya ya magari madogo kuanzia 2012, na magari mengine yakafuata. Mfumo huo hukamata breki ya tairi moja gari linapoanza kwenda upande, kabla dereva hajajua kinachotokea. Kwa dereva mchanga, ningeuchagua kuliko skrini, kamera na rimu kwa pamoja.

Passo, ya kaka yangu

Sikumvunja moyo. Passo ya kwanza, KGC10 ya 2004 hadi 2010, ilitengenezwa na Daihatsu, ambako pacha wake anaitwa Boon, na ya 1.0 ina injini ileile ya silinda tatu ya Vitz, 1KR-FE. Kwa hiyo spea za injini si tatizo. Ni nyepesi, kama kilo 900, inageuka kwenye uchochoro wa Manzese kama bajaji, na kijana ataiegesha bila kugusa mtu. Mafuta inanusa tu.

Wepesi huohuo ndio unaonitia shaka. Barabara ya Morogoro ina malori na mabasi, na sheria ya mgongano haijui huruma: chepesi hubeba sehemu kubwa ya kipigo. Vitz si nzito sana kuizidi, sisemi ni kifaru, lakini kati ya hizi mbili ningemweka mtoto kwenye Vitz. Kama gari ni la kutoka Sinza kwenda Mlimani na kurudi, Passo inatosha kabisa. Kama ataendesha hadi Morogoro au Tanga mwisho wa mwezi, hapana. Na ile Passo ya pili, KGC30 ya kuanzia 2010, ina CVT, kwa hiyo hesabu ya oili inarudi palepale.

Fit

Honda Fit ni gari zuri lililopewa jina baya na gereji. Tangi la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo viti vya nyuma hukunjwa juu na nyuma panabaki uwanja. Mtoto anayehamia hosteli na godoro, ndoo na friji ndogo ataipenda. Inakwenda vizuri kuliko zote nne hapa, usukani unajibu.

Ile ya kwanza, GD ya 2001 hadi 2007, ina mambo mawili ya kukumbuka. Injini yake ya 1.3 ina plagi nane ingawa ni ya silinda nne, kwa hiyo fundi akikuletea nne ujue nusu ya kazi haikufanyika. Na CVT yake hutetemeka inapoanza kuondoka kama oili imechoka au imewekwa isiyo yake. Jaribu ukiwa umesimama kwenye mteremko wa kupanda, achia breki taratibu. Ikiruka-ruka kama mbuzi, sema asante uondoke. Kizazi cha pili, GE, kuanzia 2007, kimebadilishwa mfumo huo na ndicho ninachokikubali. Tatizo linalobaki ni spea za bodi: bampa ya Fit si kama bampa ya IST, ambayo unaipata hata usiku. Na bampa, narudia, itagongwa.

Nissan March, Demio na Swift

Kwa haraka tu. March K12 ni rafiki wa uchochoro na nyingi zina giaboksi ya kawaida, ila K13 iliyofuata ni CVT. Mazda Demio ya 2007 hadi 2014 ni nzuri kuendesha, na kule Nairobi inapendwa sana. Hapa utasubiri spea. Suzuki Swift ya 2004 hadi 2010, ile ya 1.3, ni imara na ina breki nzuri, tena ukipata yenye gia za mkono kijana hatapoteza alichojifunza shuleni. Ukipata safi kwa mtu unayemjua, usiiache kwa sababu ya ushabiki wa Toyota.

Nimetaja Nairobi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, ndiyo maana ndugu zetu wa kule mazungumzo yao yanaanza na magari mapya kuliko yetu. Huku Bara unaweza kuingiza kongwe, ila unatozwa kwa ukongwe wake. Ushuru wa bidhaa nao unapanda na ukubwa wa injini: cc 1000 kushuka chini ni sifuri, hadi cc 2000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo ni 10. Vitz ya 1.0 ina cc 996. Waliopanga namba hiyo Japani hawakutufikiria, lakini imetufaa. Kabla ya kuagiza, ingia kwenye kikokotoo cha TRA uone jumla yote, maana bei ya kwenye tovuti ya muuzaji ni nusu ya safari.

Namba D, namba E

Tangazo litasema "IST namba E, kali sana." Hiyo herufi ya kwenye kibao cha namba inakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haikwambii lilitengenezwa lini. IST ya 2004 iliyoshushwa bandarini juzi ni namba E, na Vitz ya 2009 iliyoletwa ikiwa changa inaweza kuwa namba C au D. Watu wanalipa hata milioni zaidi kwa herufi. Soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi ya gari. Namba D iliyokaa na mtu mmoja miaka tisa, mwenye risiti za huduma kwenye bahasha, mimi ninaichukua kabla ya namba E isiyo na historia.

Kama limeingia karibuni, omba karatasi ya mnada wa Japani na cheti cha kuuzia nje. Kwenye karatasi ya mnada alama za 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 ni la kawaida, na herufi R au RA ina maana liligongwa likatengenezwa. Cheti cha kuuzia nje huonyesha kilometa zilizoandikwa wakati wa ukaguzi kule kwao. Linganisha na dashibodi. Wapo wanaosahau kurudisha mbili zote.

Siku ya kulitazama

Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, ameliwasha makusudi kuficha jinsi linavyowaka likiwa baridi. Moshi wa bluu sekunde chache za kwanza ni oili inayoungua.

Washa swichi bila kuwasha injini, tazama taa ya mifuko ya hewa. Inatakiwa iwake, kisha izime yenyewe baada ya sekunde kadhaa. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameitoa balbu au ameiunga na taa nyingine ili izime nayo. Pitisha mkono juu ya dashibodi upande wa abiria: ufa uliogandishwa kwa gundi au kifuniko kipya kwenye dashibodi kuukuu maana yake mifuko ilipasuka na haikurudishwa. Nimeona gari moja, kwenye yadi moja safi yenye kahawa ya bure, ndani ya usukani pamejazwa sponji.

Na kuna hili ambalo wazazi wengi hawajalisikia. Takata, kampuni ya Japani iliyowatengenezea watengenezaji wengi mifuko ya hewa, ilifilisika mwaka 2017 baada ya kubainika kwamba kifaa kinachojaza mfuko kinaweza kupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Kinachokiharibu ni joto na unyevunyevu wa miaka mingi, yaani hali ya hewa ya Dar, Tanga na Mombasa. Baadhi ya Vitz na Fit za miaka ile ya 2000 ziliitwa zirudishwe kwa ajili hiyo. Tovuti za Toyota na Honda za Japani zina mahali pa kuingiza namba ya chesisi kuangalia kama gari lako limo na kama limeshatengenezwa. Zimeandikwa Kijapani, lakini simu itakutafsiria. Dakika kumi.

Tairi zisome. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini la miaka tisa ni gumu kama soli, na kwenye maji halishiki. Kisha barabarani, mahali patupu, kanyaga breki kwa nguvu ukiwa kwenye kilometa 40. Gari liende moja kwa moja. Kama lina ABS, yaani breki zisizoacha tairi zijifunge, pedali itatetemeka chini ya mguu, na hapohapo mfundishe kijana: ukisikia hivyo usiachie, endelea kukanyaga. Wengi huogopa mtetemo ule wakaachia, wakagonga kwa gari ambalo lilikuwa linasimama.

Inua zulia. Harufu ya ukungu na kutu kwenye skrubu za viti ni gari lililokunywa maji, na mjini hapa wenye magari yaliyozamishwa na mvua huyauza kiangazi. Chungulia chini pia, magari yaliyotoka mikoa ya theluji ya Japani huliwa na chumvi ya barabarani.

Karatasi usimwachie dalali. Kwa namba ya gari utaona faini kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani, na deni la maegesho kwenye mfumo wa malipo ya maegesho. Ukilinunua na deni, deni ni lako.

Bima: ndogo, ile ya kumlinda uliyemgonga, kwa gari binafsi ni Sh 118,000 kwa mwaka. Kubwa kwa kawaida huanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari kabla ya VAT, kwa gari la milioni 11 ni kama 385,000. Kwa dereva wa mwaka wa kwanza mimi nalipa kubwa na kupunguza rimu. Soma kipengele cha dereva kijana au mwenye leseni changa, kwa sababu makampuni mengi humtoza mwenye gari sehemu kubwa zaidi ya hasara dereva wa namna hiyo akigonga. Kuliandika gari jina la baba na kunyamaza kwamba mwendeshaji ni mtoto ni kununua karatasi.

Jumamosi tulikwenda watatu: mimi, kaka na kijana. Ya kwanza ilikuwa IST namba E, Kinondoni, ile ya mlango wa nyuma wa kushoto. Ya pili Passo, kaka akafurahi mpaka tulipoinua zulia. Ya tatu ilikuwa KSP90 ya 2008, namba D, rangi ya fedha, ya mwalimu mstaafu Tabata, na mikwaruzo yake yote ya bampa ilikuwa wazi, haikupakwa kitu. Iliwaka baridi bila moshi. Taa ya mifuko ikawaka, ikazima. Tulipokuwa tunajadili bei, kijana hakuwepo. Nikamkuta amechuchumaa nyuma ya gari, tochi ya simu imewashwa, kidole kwenye ubavu wa tairi.

"Shangazi, hizi ni za 1416."

Mwalimu akacheka, akapunguza bei ya tairi nne.